Haidrojeni inavuja bila harufu wala rangi: tujadili vihisi vya paladi vya nanomita

#1 FundiBetri

Wakuu, salaam kwenu.

Naanza na kisa, kisha tuingie kwenye metali yenyewe.

Kazi yangu ni kutunza vyumba vya betri, zile betri kubwa za risasi na asidi zinazobeba mitambo umeme unapokatika. Anayezijua anajua: zikikaribia kujaa chaji, umeme unaanza kuyatenganisha maji yaliyomo ndani, na haidrojeni inapanda kama viputo. Ndiyo maana chumba kina feni ya kutoa hewa, na juu kabisa, karibu na dari, kuna kihisi cha haidrojeni chenye taa ya kijani. Kwa miaka miwili taa ile haikubadilika hata siku moja, nasi tukawa tunapita chini yake bila wasiwasi. Siku moja nikapanda ngazi na mtungi mdogo wa gesi ya majaribio, asilimia 2 ya haidrojeni kwenye hewa, nikakipulizia kihisi mdomoni. Kijani. Nikahesabu dakika nzima, bado kijani. Nikadhani mtungi umeisha. Nikaipuliza gesi ileile kwenye kipimo cha mkononi, kikalia papo hapo.

Kihisi kilikuwa kimekufa huku taa yake inawaka. Taa ile ilikuwa inaonyesha kwamba umeme umefika, basi.

Chanzo tulikipata baadaye. Kilikuwa kihisi cha ushanga wa kichocheo: waya mwembamba wa platini ndani ya ushanga wa kauri, unapashwa hadi mamia ya nyuzi, gesi ikiungua juu ya ushanga joto linaongezeka na ukinzani wa waya unapanda. Miezi kadhaa kabla, nyufa za dirisha zilikuwa zimezibwa kwa gundi ya silikoni. Mvuke wa silikoni ukitua kwenye ushanga wa moto unageuka kuwa ganda la silika, na kichocheo kinazikwa humo. Hakuna kinachoungua tena, kwa hiyo hakuna joto, na kihisi kinasoma sifuri safi kabisa.

Kwa wasioifahamu haidrojeni: hewani inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na asilimia 75. Methani inawaka kati ya 5 na 15 tu. Cheche ya milijuli 0.02 inatosha kuiwasha, na cheche ya namna hiyo mtu huitoa kwa kuvua sweta. Mwali wake mchana hauonekani vizuri. Haina rangi, haina harufu, na ni nyepesi kuliko hewa karibu mara 14, hivyo inakimbilia juu na kujikusanya kwenye kona za dari.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata kuhusu vihisi, na kila njia inanirudisha kwenye metali moja, paladi. William Hyde Wollaston aliitenga mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1866 mkemia Mskoti Thomas Graham akagundua kwamba inafyonza haidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake yenyewe. Si kwamba gesi inajificha kwenye vitundu. Molekuli ikigusa uso wa paladi inapasuka kuwa atomi mbili, na kila atomi inapenya na kukaa kwenye nafasi kati ya atomi za paladi. Naitrojeni haiwezi, methani haiwezi, oksijeni inaishia usoni. Nikisoma hilo nakubali kwamba metali hii ina mlango ambao haidrojeni pekee ndiyo inaupita.

Na ikishaingia, paladi inabadilika kwa namna tatu zinazoweza kupimwa. Ukinzani wake wa umeme unapanda. Inavimba. Na namna inavyoakisi mwanga inabadilika. Vihisi vyote vya paladi nilivyowahi kuvisoma vinasimama juu ya moja ya hizo tatu. Pasipo moto, pasipo ushanga wa mamia ya nyuzi, na pasipo kuhitaji oksijeni ili kifanye kazi.

Shida ni kwamba kipande cha kawaida cha paladi kinachelewa, kinachoka na kinapasuka. Hapo ndipo watu wa nanomita wanapoingia: nyaya, chembe na tabaka ambazo unene wake ni makumi ya nanomita. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ukipunguza unene, haidrojeni ina safari fupi ya kwenda na kurudi, kwa hiyo kihisi kinajibu haraka.

Ninataka kubadilisha vihisi vyangu. Kuna aliyevishika kwa mikono? Vinadumu? Vinadanganya wapi?

#2 Msomaji wa Jioni

Uzi mzuri, mkuu. Swali la mtu asiye fundi: gesi ya kupikia nayo haina harufu, lakini wanaitia dawa inayonuka ili mtu ajue inavuja. Kwa nini haidrojeni isifanyiwe hivyohivyo, tukaachana na vihisi?

#3 FundiBetri

Swali la haki kabisa. Mambo mawili yanazuia. Dawa za harufu nyingi zina salfa, na salfa inaua vichocheo vya platini ndani ya seli za mafuta, yaani mashine zilezile zinazoitumia haidrojeni. La pili, haidrojeni ni nyepesi mno na inasambaa haraka mno, hivyo gesi na harufu yake haviendi pamoja kwa uhakika. Na kwenye chumba cha betri haidrojeni inazaliwa humohumo ndani. Hakuna bomba ambalo mtu angetia dawa.

#4 Nuru wa Maabara

Habari zenu. Nimefanya kazi na tabaka za paladi kwa miaka kadhaa, nina ya kusema, na FundiBetri utaniwia radhi nianze kwa kukusahihisha.

> *Ukipunguza unene, haidrojeni ina safari fupi ya kwenda na kurudi, kwa hiyo kihisi kinajibu haraka.*

Hilo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Chukua hesabu. Kasi ya kusambaa kwa haidrojeni ndani ya paladi kwenye joto la chumbani ni takriban 4 × 10⁻⁷ sentimita mraba kwa sekunde. Bamba la milimita 0.1 linahitaji dakika kadhaa kujaa. Tabaka la mikromita 1 linahitaji sekunde 0.03 hivi. Kumbe kama safari ya ndani ingekuwa ndiyo kikwazo, tabaka la mikromita 1 lingetosha na hakuna ambaye angehangaika na nanomita. Lakini tabaka hilo kwenye kiwango kidogo cha gesi linachukua sekunde nyingi, hata dakika. Foleni iko mlangoni. Molekuli lazima ipate nafasi usoni, ipasuke, atomi zishuke chini ya uso. Na wakati wa kutoka, atomi mbili lazima zikutane tena usoni ndipo zitoke. Nanomita inasaidia kwa sababu uso unakuwa mkubwa ukilinganisha na tumbo. Milango ni mingi, ghala ni dogo.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ukiamini ni suala la unene tu, utanunua kihisi chembamba halafu uso wake ukachafuka, nawe usielewe kwa nini kinachelewa. Uso ndio kila kitu.

Sasa kuhusu kupasuka. Paladi ina hali mbili. Haidrojeni ikiwa kidogo, atomi zake zimetawanyika na metali imevimba kidogo sana. Ikifika kiwango fulani, ambacho kwenye joto la chumbani ni asilimia 1 hadi 2 hivi hewani, metali inaruka ghafla kwenda hali ya pili, iliyojaa, na ujazo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 10. Sasa fikiria tabaka lililobandikwa kwenye kioo. Kioo hakivimbi. Tabaka linataka kutanuka pembeni na haliwezi.

Naikumbuka sampuli yangu ya kwanza. Ilikuwa tabaka la nanomita 200, linang'aa kama kioo cha kujitazamia. Nikaipa haidrojeni asilimia 4, nikaiondoa, nikarudia mara tano. Nilipoiweka chini ya hadubini, uso ulikuwa umejaa malengelenge, mistari iliyopindapinda kama rangi ya ukuta iliyobambuka kwa unyevu. Mara ya nane nikapuliza hewa kuikausha na vipande vikaruka vikabaki kwenye kibano changu. Kioo kikabaki kitupu katikati.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuchanganya nikeli kidogo. Watafiti wa maabara ya Sandia, Marekani, walionyesha njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ya pili ni kuikata paladi vipande vya nanomita vilivyoachana, kila kimoja na nafasi yake ya kutanuka. Hiyo ya pili ndiyo iliyonishawishi.

#5 FundiBetri

Dada Nuru, nimesahihishwa na nimeelewa. Mfano wa milango na ghala nauchukua, nitawaelezea vijana kazini hivyohivyo.

#6 Mwanafunzi Fizikia

Naomba kuuliza. Nilisoma mahali kwamba kuna kihisi cha paladi ambacho ukinzani wake unashuka kikipata haidrojeni, lakini mwanzisha uzi anasema unapanda. Ni kipi sahihi?

#7 Nuru wa Maabara

Vyote, mdogo wangu, na hilo ndilo jambo zuri zaidi katika uwanja huu wote.

Mwaka 2001 kundi la Reginald Penner, Chuo Kikuu cha California huko Irvine, lilichapisha kazi kwenye jarida la Science. Walichukua grafiti, ambayo uso wake ukiutazama kwa karibu una ngazi ndogondogo zenye kimo cha atomi, wakaweka paladi kwa umeme, nayo ikaota kwenye kingo za ngazi hizo ikawa nyaya nyembamba sana zilizopangana. Wakazibandua nyaya kutoka kwenye grafiti kwa gundi ya sianoakrilati, ile gundi kali inayoshika papo hapo, kwa sababu grafiti inapitisha umeme na ingeharibu kipimo.

Mara ya kwanza nyaya zikipata haidrojeni zinavimba. Gesi ikiondoka zinasinyaa na kukatika vipandevipande, kila pengo likiwa la nanomita chache. Umeme haupiti. Haidrojeni ikirudi, vipande vinavimba, vinagusana, mapengo yanazibwa na umeme unapita. Kwa hiyo ukinzani unashuka. Waliripoti majibu ya haraka kiasi cha milisekunde 75. Ule mpasuko uliokuwa unaniharibia sampuli zangu wenzetu waliufanya uwe swichi.

Udhaifu wake ni kwamba swichi inategemea uvimbe mkubwa, ule wa kuruka hali. Kwenye viwango vidogo sana uvimbe hautoshi kuziba mapengo. Kama unataka kupima uvujaji ukiwa bado mchanga, waya mzima usiokatika, ambao ukinzani wake unapanda kidogokidogo, ndio unaofaa.

#8 Mwanafunzi Fizikia

Asante sana dada. Sikuwahi kufikiri ufa unaweza kuwa kipimo.

#9 Kipimajoto

Nawasikiliza kwa heshima, ila niwaambie ninachokiona upande wangu wa vipimo vya viwandani.

Ukinzani wa paladi unabadilika kwa karibu asilimia 0.38 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Haidrojeni ya sehemu mia chache kwa milioni inaweza kuleta badiliko dogo la ukubwa huohuo. Feni ikiwaka, jua likipiga ukuta, mtu akisimama karibu, kihisi kinaona "haidrojeni". Nimewahi kukipulizia pumzi kihisi cha namna hiyo na namba ikaruka kama vile bomba limepasuka.

Kuna njia ya zamani na nyofu. Haidrojeni inapitisha joto karibu mara 7 kuliko hewa. Pasha moto kiwaya, pima kinavyopoa. Haina kichocheo cha kufa, haina metali ya kuvimba. Kwa nini tusikae hapo?

#10 Nuru wa Maabara

Ndugu Kipimajoto, kuhusu joto umesema kweli tupu, na kihisi cha paladi kisicho na fidia ya joto nisingekifunga hata kwenye kabati. Njia inayotumika ni kuweka waya mbili pacha kwenye kipande kimoja, moja wazi na nyingine imefunikwa gesi isiifikie, kisha kuziunganisha kwenye daraja la Wheatstone, yaani sakiti inayolinganisha ukinzani wa waya hizo mbili. Joto linazigusa zote mbili na linafutika. Haidrojeni inagusa moja. Wengine wanaongeza kipasha joto na kukiweka kipande chote kwenye nyuzi zilezile muda wote, jambo linalofukuza unyevu pia.

Kipimo cha upitishaji joto nakiheshimu. Kwa viwango vikubwa, asilimia 1 kwenda juu, ni imara sana. Lakini kwenye sehemu mia kwa milioni ishara inazama, unyevu unaichanganya, na heliamu inaidanganya kwa sababu nayo inapitisha joto vizuri. Kwa anayetafuta heliamu na haidrojeni kwenye chumba kimoja, hilo ni tatizo.

Njia nyingine ya kukwepa joto na cheche kwa pamoja ni kusoma kwa mwanga. Chembe ya paladi yenye upana wa makumi ya nanomita, ukiimulika, elektroni zake zinacheza pamoja na kufyonza rangi fulani ya mwanga. Haidrojeni ikiingia, rangi hiyo inasogea. Mwanga unaletwa na uzi wa kioo na unarudi na uzi wa kioo, hakuna umeme hata kidogo ndani ya chumba chenye gesi. Wazo la uzi wa kioo uliopakwa paladi si jipya, Michael Butler wa Sandia aliliandika mwaka 1984. Kilichoongezeka ni chembe za nanomita zilizopangwa kwa makusudi.

#11 Kipimajoto

Na vipi kuhusu kusoma mara mbili tofauti? Nilikutana na kihisi ambacho gesi ikipanda hadi asilimia 1 kinaonyesha kitu kimoja, na gesi ikishuka hadi asilimia 1 ileile kinaonyesha kingine. Niliirudisha mashine kwa aliyetuuzia.

#12 Nuru wa Maabara

Ulikutana na ugonjwa wa kuzaliwa nao wa paladi tupu. Kuruka kwenda hali ya kujaa kunahitaji shinikizo kubwa kuliko kurudi, kwa sababu metali lazima ijitanue kwa nguvu ndipo ipokee. Kwa hiyo kihisi kinakumbuka kilikotoka. Katikati ya asilimia 1 na 2, ambapo unakihitaji sana, ndipo hasa kinapokudanganya.

Tiba yake ni dhahabu. Ukichanganya atomi za dhahabu takriban asilimia 25, wavu wa atomi unakuwa umeshatanuliwa tangu mwanzo, na ile ruka ya ghafla inatoweka. Haidrojeni inaingia polepole na kutoka kwa njia ileile. Gharama yake ni kwamba aloi, yaani mchanganyiko huo wa metali, inabeba haidrojeni kidogo kuliko paladi tupu, hivyo ishara ya juu kabisa inapungua. Mimi ningeilipa gharama hiyo kila siku. Kipimo kidogo chenye ukweli kinanitosha.

Chuo Kikuu cha Chalmers, Uswidi, kundi la Christoph Langhammer, mwaka 2019 walikwenda mbele zaidi. Walichukua chembe za paladi na dhahabu, wakazifunika tabaka jembamba la plastiki. Teflon ilirahisisha haidrojeni kupita usoni, na plastiki nyingine, ile ya akriliki, ikazuia kaboni monoksidi isifike kwenye metali. Kihisi chao kikajibu chini ya sekunde 1 kwenye shinikizo la milibari 1, yaani kama asilimia 0.1 ya hewa ya kawaida. Nataja sekunde 1 kwa sababu ndiyo lengo ambalo Wizara ya Nishati ya Marekani iliwawekea watengenezaji: kusoma asilimia 0.1 hadi 10, kujibu ndani ya sekunde moja, kwenye nyuzi −30 hadi 80 za Selsiasi, kwa miaka 10. Miaka 10 ndiyo inayonisumbua. Maabara tunajua kuonyesha sekunde. Kuonyesha miaka ni kazi nyingine.

#13 FundiBetri

Hapo kwenye kaboni monoksidi ndipo moyo wangu ulipo, maana kihisi changu kiliuawa na kitu ambacho hakuna aliyekidhania. Paladi inaogopa nini?

#14 Nuru wa Maabara

Kaboni monoksidi inang'ang'ania uso wa paladi na kuziba milango. Kihisi hakifi, ila kinakuwa kizito, na hewa safi au joto kidogo vinakirudisha. Salfa, kwa mfano sulfidi ya haidrojeni, ni mbaya zaidi, kwa sababu inakaa na haitoki kirahisi. Oksijeni nayo ina tabia yake: inakaa usoni, na haidrojeni ikija wanatengeneza maji kabla haijaingia ndani. Ndiyo maana kihisi kilichopimwa kwa haidrojeni iliyochanganywa na naitrojeni kinasoma pungufu kikiwekwa hewani. Mtungi wako wa majaribio una haidrojeni kwenye hewa, umefanya sawa, usibadilishe.

Ulinzi ni wa aina mbili. Moja ni kubadilisha metali, kwa mfano kuongeza shaba kidogo kwenye aloi ili kaboni monoksidi isishike sana. Nyingine ni kuweka chujio. Kuna fuwele zenye vitundu zinazoitwa ZIF-8, vitundu vyake ni nanomita 0.34. Molekuli ya haidrojeni ina upana wa nanomita 0.289, oksijeni 0.346, naitrojeni 0.364, kaboni monoksidi 0.376. Ukizifunika nyaya za paladi kwa fuwele hizo, haidrojeni inapita na wengine wanabaki nje au wanachelewa. Kundi la Penner pamoja na watafiti wa Korea Kusini walichapisha hilo mwaka 2017, na nyaya zao zikawa na kasi zaidi hewani, kwa sababu oksijeni haikuwa tena inagombea milango.

Silikoni ya dirishani haitageuka kioo juu ya paladi baridi kama ilivyofanya kwenye ushanga wako wa moto, lakini uchafu wowote unaofunika uso ni adui. Usidhani umehama kabisa kutoka kwenye tatizo.

#15 Jicho la Roketi

Naongeza la upande wangu. Wanaofuatilia roketi wanakumbuka Artemis I. Tarehe 3 Septemba 2022 kuruka kuliahirishwa kwa sababu haidrojeni ya kimiminika ilikuwa inavuja kwenye kiungo cha kujazia. Walijaribu kupasha kiungo, wakajaribu shinikizo, kila wakianza kujaza kwa kasi vihisi vinaonyesha gesi imepita kiwango cha asilimia 4 walichojiwekea. Roketi iliruka tarehe 16 Novemba. Miaka ya nyuma, mwaka 1990, vyombo vya anga viwili vya Marekani, Columbia na Atlantis, vilikaa chini miezi kwa uvujaji wa gesi hiihii. Molekuli ndogo kuliko zote itapata tundu ambalo nyingine hazilioni.

Ninachowaza: pale vihisi vilifanya kazi na watu wakavisikiliza. Kihisi kinachosema "hapana" siku ambayo kila mtu anataka "ndiyo" kina thamani yake.

#16 Bomba na Vali

Mimi ni wa mabomba, nipo nje, si chumbani. Naomba tusiwape watu picha kwamba kihisi kimoja cha paladi kinatosha kila mahali.

Nje kwenye uwanja, haidrojeni ikitoka kwa shinikizo kubwa, upepo unaweza kuipeleka upande ambao kihisi hakipo. Hapo tunategemea vinasa sauti vya mlio wa juu usiosikika kwa sikio, kwa sababu gesi inayotoka kwa nguvu inapiga mluzi. Mlio unafika hata kama gesi haijafika. Na kwa mwali usioonekana tunatumia kamera za joto. Kihisi cha gesi tunakiweka juu ya kila mkusanyiko wa viungo, chini ya kila paa linaloweza kuishika gesi, na kwenye makabati ya vali.

Tarehe 10 Juni 2019, Sandvika karibu na Oslo, kituo cha kujazia magari haidrojeni kililipuka. Uchunguzi ulikuta boliti za kizibo cha tangi la shinikizo kubwa hazikukazwa ipasavyo. Gesi ilivuja, ikajikusanya, ikawaka. Hakuna aliyekufa, lakini mimi tangu hapo boliti nikishaikaza naweka alama ya rangi kutoka kichwani mwake hadi kwenye flenji. Alama ikikatika najua imelegea kabla hata sijafungua kipimo.

#17 Kipimajoto

Alama ya rangi nakubaliana nayo mia kwa mia. Na baada ya maelezo ya dada Nuru nalegeza msimamo wangu: kwa chumba kilichofungwa, paladi na dhahabu yenye waya pacha ningeijaribu. Bado ningeweka na cha upitishaji joto pembeni yake. Viwili vinavyokosea kwa sababu tofauti haviwezi kudanganyika kwa urahisi siku moja.

#18 Msomaji wa Jioni

Nimefuata uzi wote. Kwa mtu kama mimi ambaye jengo lake lina chumba cha betri na kihisi kipo tayari, siwezi kubadilisha leo. Nifanye nini kesho asubuhi?

#19 FundiBetri

Mkuu, kesho asubuhi tazama kwanza kimefungwa wapi. Kama kiko usawa wa kifua au chini, kipandishwe hadi karibu na dari, juu ya betri, mbali kidogo na mkondo wa feni ili hewa safi isikiogeshe. Kisha angalia feni kwa mkono, siyo kwa taa. Mimi hushika karatasi kwenye mdomo wa bomba la kutolea hewa. Ikinyonywa, feni inavuta kweli.

Halafu tafuta mtu mwenye gesi ya majaribio akipulizie, na akae pale na saa. Andika mambo matatu: kimeanza kupanda baada ya sekunde ngapi, kimefika namba gani, na kimerudi sifuri baada ya muda gani. La tatu watu hulisahau. Kihisi kinachopanda vizuri na kisichorudi kimeshaanza kuugua. Mara nyingi onyo la kwanza huwekwa kwenye asilimia 0.4, yaani sehemu moja ya kumi ya kiwango cha kuwaka, na onyo kubwa kwenye asilimia 1. Hakikisha king'ora kinalia hapo kweli na feni inaongeza kasi yenyewe. Na waambie wapaka rangi na mafundi wa madirisha kwamba humo silikoni haiingii bila kuuliza.

#20 Nuru wa Maabara

Naongeza moja. Kipime tena wiki ileile hewa ikiwa na unyevu mwingi, na tena chumba kikiwa na joto la mchana. Kama sifuri inatembea, utaiona hapo. Na FundiBetri, ukipata kile cha paladi, usiondoe cha zamani. Viache vyote viwili vipigiwe gesi ileile siku ileile kwa mwaka mmoja, kisha urudi hapa utupe namba. Sisi wa maabara hatuna chumba cha betri, nasi hizo namba tunazihitaji.

#21 FundiBetri

Nimekubali, dada. Cha ushanga kipya kimeshafungwa. Cha paladi na dhahabu nimekiagiza, kitakaa upande wa pili wa boriti ileile, sentimita 30 kutoka kwa mwenzake, na daftari nimelitundika mlangoni kwa kamba. Ukurasa wa kwanza nimechora safu: tarehe, joto, unyevu, sekunde za kupanda, namba ya juu, sekunde za kurudi. Mstari wa kwanza ni wa leo: ushanga, nyuzi 27, sekunde 9, asilimia 1.9, sekunde 21 kurudi.